Matengenezo ya Jumatano Mchana

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita asubuhi. Databesi ya hospitali imekuwa nzito mno. Daktari anabonyeza jina la mgonjwa, anasubiri mpaka anapiga miayo. Bosi anataka matengenezo yafanyike kila wiki, yajiendeshe yenyewe. Sawa! Nimelilia hilo muda mrefu. Nikasema tuyaweke Jumapili alfajiri, hospitali ikiwa imetulia. Akakataa. Eti yakikwama Jumapili nitamwita nani? Jumatano mchana, sote tukiwepo. Nikamweleza: faharasa, zile orodha za kutafutia, zikipangwa upya, majedwali yanajifunga, faili la mgonjwa halifunguki. Ni dakika chache, akasema, nisimpandishe presha.

Nimeiweka ratiba. Kwa mkono wangu.

Jumanne, 4 Machi

Sina raha. Nimemwomba bosi tena tuyahamishie Jumapili. Kakataa. Mume wangu kaniuliza kama mume mwenzake hajambo — ndivyo anavyoiita databesi. Leo sikucheka.

Jumatano, 5 Machi

Kazi ilianza mchana, kama ilivyopangwa. Mwanzo shwari. Kisha jedwali la mzio wa dawa likajifunga — likagoma kufunguka. Simu zikaanza kulia. Mara matroni wa dharura huyo, kaingia mbio, anahema. Kuna mama kaletwa, homa inamchoma, hajitambui, kaja na majirani tu. Aliwahi kulazwa hapa. Dawa gani inamdhuru? Faili halifunguki!

"Zima hicho kitu!" Bosi akafoka.

Nikakataa. Ukiikata kazi katikati, inaanza kurudi ilikotoka, hatua kwa hatua, na kurudi huko kunaweza kuwa kurefu kuliko kumaliza.

"Mwanangu," matroni akasema, "yule mama hawezi kusubiri." Taratibu kabisa. Bora angenipigia kelele.

Bakapu! Nakala ya akiba ya asubuhi! Nikaifungua kwenye seva ya majaribio, ile isiyoguswa na matengenezo. Nakosea nywila, naandika tena, jasho linaingia machoni. Jina likatokea. Penisilini — asipewe kabisa! Matroni hakungoja nimalize kusoma, akatoka mbio. Baadaye kaniambia dawa hiyo hiyo ilikuwa imeshavutwa kwenye sindano.

Mama yu hai.

Alhamisi, 6 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya mganga mkuu. Kikao kuhusu jana. Naandika ili mikono ipate kazi.

Bosi kanivuta pembeni kwenye korido, mpole kama si yeye. Niseme mfumo ulipata hitilafu, ratiba ikajibadilisha yenyewe. "Mashine haifukuzwi kazi, dada yangu." Ana watoto shuleni. Na mimi ninao. Tena aliniagiza kwa mdomo tu; kwenye mfumo aliyepanga Jumatano ni mimi.

Matroni naye kaitwa. Kaja kukaa karibu nami. Kasema tu yule mama ameamka, anagombana na manesi, anataka kwenda nyumbani. Nimecheka, machozi yakanitoka.

Mlango umefunguliwa. Katibu anauliza nani aanze kueleza. Bosi kanitazama, kisha kaangalia viatu vyake.

Nimesema mimi, na nitaanzia Jumatatu.