Vitambaa Vyeupe vya Mkurugenzi

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, winchi yangu ya kiwandani nzima, ila Mama kifua kimembana tena. Hali yako hatuna haja ya kuiulizia. Tumekuona kwenye taarifa ya habari, umenawiri, umesimama nyuma ya Mkurugenzi umemshikia mkoba.

Nimemsikia akiwaomba wabunge wafute kile kifungu cha sheria kinacholazimisha vichujio vya vumbi, eti vitaua viwanda. Hotuba ni yako. Nani mwingine husema "ndugu zangu, tuelewane" kila baada ya sentensi mbili?

Mama bado anachungulia bomba la moshi la kiwanda chenu kabla ya kuanika. Jana alikosea, shuka zikarudi ndani na rangi ya saruji. Kazifua upya huku anakohoa. Mwambie bosi wako na hilo.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama amepata nafuu. Mimi naendelea vizuri, ingawa barua yako imeninyima raha.

Usinilaumu bure. Mimi naandika, anayesema ni yeye. Ndiye mwenyekiti wa umoja wa wenye viwanda, kampeni za wabunge kazigharimia, nusu yao wanamwita kaka. Mimi nani anisikilize? Na dawa za Mama zinatoka kwenye mshahara huu huu.

Mwezi ujao analeta kamati ya Bunge hapo kiwandani kwake. Ameamuru tanuri lizimwe siku kadhaa kabla, na wageni wapewe chakula uwanjani, chini ya bomba, kwenye meza zenye vitambaa vyeupe. Anataka waone kwa macho yao kwamba vumbi hakuna. Ratiba naipanga mimi.

Mdogo wako

20 Machi

We mtoto,

Salamu huna. Mama hajambo kidogo, na simwambii unachopanga, kitammaliza. Yaani umezaliwa chini ya hili bomba, umekohoa humu humu, leo unatandika vitambaa kulifichia aibu? Usiniandikie mpaka ujirudi.

Dada yako, kwa bahati mbaya

28 Aprili

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Hujambo? Uko hai? Kimya chako kimenichoma, na nilikitaka mwenyewe. Kaa nikusimulie, maana nilikuwa juu kwenye winchi nikaona yote.

Wageni walikuta hewa safi, vitambaa vinang'aa. Mkurugenzi akatangaza, "Sasa mtaona tanuri likiwaka bila madhara!" Akabonyeza kitufe kwa mkono wake. Msimamizi wa tanuri akanitazama juu, nami nikamtazama chini. Tanuri lililopoa likiwashwa, hutema vumbi lote lililolala kwenye bomba. Siku hiyo mtaani kwetu hakuna anayeanika, hata watoto wanajua.

Supu ndiyo kwanza imepakuliwa. Vumbi likashuka polepole, halina haraka na mtu. Mwenyekiti wa kamati akabaki na kijiko mdomoni, nyusi za kijivu. Mkurugenzi akaendelea kusoma hotuba yako, "Ndugu zangu, tuelewane, hewa yetu..." Akapaliwa! Nilicheka mpaka machozi.

Halafu nikasoma ratiba iliyobandikwa getini. Kuwasha tanuri, saa sita. Chakula, saa sita na robo. Uliipanga wewe. Hebu niambie.

Dada yako, aliyekukosea

12 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yake. Mimi mzima kuliko siku zote.

Kuwasha mbele ya wageni lilikuwa wazo lake, asionekane ana kiwanda kilichokufa. Nilimwambia, "Mzee, tuwaulize kwanza watu wa tanuri." Akanijibu, "Wewe andika, kufikiri niachie mimi." Basi nikaandika. Nilichochagua mimi ni saa ya chakula tu. Nawe sikukujibu kwa sababu mdomo wako naujua, mtaa mzima ungecheka kabla ya siku yenyewe.

Jana Bunge limepiga kura. Kifungu kimebaki, Dada! Aliyekitetea kwa sauti kubwa kuliko wote ni yule wa kijiko. Vichujio vitafungwa kwenye bomba kabla mwaka haujaisha.

Mkurugenzi kanifukuza kazi, nikatoka ofisini napiga mluzi. Dawa za Mama tutasaidiana mpaka nipate kazi nyingine. Nakuja Jumamosi na furushi kubwa. Ni vile vitambaa, walikuwa wanavitupa. Mwambie Mama avifue, avikunje, aviweke. Siku vichujio vikianza kazi ataanika vyote kwa mpigo, na bomba asilitazame kabisa.

Mdogo wako wa tumbo moja