Uwezo wa Kuishi

Gangneung, theluji ikianguka

Dada yangu mpenzi Myeong-ok,

Salamu zangu zikufikie huko Busan, wewe, shemeji na watoto, mkiwa wazima wote. Je, mgongo wa shemeji umepata nafuu? Ukiniuliza hali yangu, ninakula na ninapumua, ila nimelazwa hospitalini. Usishtuke, dada. Soma kwanza.

Kimbunga cha mwaka huu kilipinda nguzo ya daraja letu, magari yakawa yanapita polepole sana. Ndipo akaja Bwana Noh kutoka wilayani, mtu mpole, akatukusanya kwenye ukumbi wa kijiji. Akasema wilaya haitalitengeneza daraja. Litafungwa kabla ya theluji kubwa, nasi tutahamishiwa mjini, kwa sababu kijiji chetu hakina uwezo wa kuishi.

Mzee Maeng, mwenyekiti wetu, akamwuliza kama amekuja kuzungumza na mizimu, maana sisi tunakula, tunalala na tunagombana kila siku. Watu wakacheka. Bwana Noh hakucheka. Alieleza kwamba hasemi habari za mtu mmoja mmoja. Kijiji kisichozaliwa mtoto hakiwezi kusimama chenyewe, hata kikitiwa daraja la dhahabu. Angekuwepo hata mtoto mmoja, alisema, yeye mwenyewe angekuwa na la kuwaambia wakubwa wake.

Hapo mama mkwe akasimama, akaniwekea mkono tumboni mbele ya wote, akasema: “Si huyu hapa!”

Tangu siku hiyo sikuosha hata bakuli. Waliniletea supu ya mwani, matunda ya persimoni yaliyokaushwa, na kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, ya mtungi wa kwanza. Lakini nikifika langoni tu, dirisha hufunguliwa, sauti huita kwa kicheko: “Mama mtoto, wapi tena na baridi hii?”

Kisha nikaona damu. Mume wangu Taegun akanileta huku Gangneung kwa gari letu. Daktari Seong, mwanamke wa makamo, alinipima akasema mlango wa kizazi umeanza kulegea, na mtoto bado hana uwezo wa kuishi nje yangu. Dada, neno lile lile! Nikamwuliza lina maana gani kwao. Akajibu kwamba akizaliwa sasa, mapafu yake hayatakubali hewa, na mashine zao zote zitamtazama tu. Akivumilia ndani wiki chache zaidi, watakuwa na cha kupigania. Alitaka nilazwe hapo hapo. Mimi, mjinga, nikaomba nikachukue nguo kwanza.

Asubuhi iliyofuata, kule kijijini, ufunguo wa gari haukuonekana. Trekta la Mzee Maeng lilikuwa limesimama katikati ya njia, naye akasema betri imekufa. Mama mkwe aliendelea kumenya maharage, akaniambia alizaa wanne katika chumba kile bila mashine yoyote, na kwamba mtoto wa kijiji huzaliwa kijijini. Taegun alimpigia mama yake magoti. Hakugeuka. Hakuna aliyenipandishia sauti, dada. Wote walikuwa wananipenda, na ndiyo maana niliogopa.

Theluji ilipoanza, Taegun alinibeba mgongoni. Wanakijiji walitoka milangoni wakasimama wakitutazama, kila mmoja kwake. Hakuna aliyetuzuia. Tulipokanyaga daraja ndipo nikamsikia mama mkwe akipaza sauti kwa mwanawe: “Ukimvusha huyo, umetuzika sote!” Taegun hakusimama. Ng'ambo tulipata lori la kabichi likatuleta.

Sasa ni wiki ya tatu nimelala miguu ikiwa imeinuliwa, na mtoto bado yumo. Jana Daktari Seong alisema tumevuka mstari: akizaliwa, watajaribu. Nilipouliza kama atapona, aliniambia wengine hupona, akanifunika shuka vizuri.

Lakini kuna jambo ambalo hata Taegun sijamwambia. Jana hiyo hiyo, yeye akiwa amekwenda kula, Bwana Noh alikuja. Aliniuliza kitu kimoja tu: mtoto huyu atalelewa kijijini? Nikisema ndiyo, ataomba tena habari ya daraja, na safari hii anadhani watamsikiliza. Niliwafikiria wazee wale milangoni. Niliufikiria mkono wa mama mkwe tumboni mwangu. Nikasema hapana. Akainama kwa heshima, akaenda.

Leo mama mkwe amefika. Amevuka kwa miguu katika theluji, na chungu cha supu amekifunga kwa shali yake. Hakunilaumu hata kidogo. Ananisugua nyayo zipate joto, na kila muuguzi anayeingia anamwambia kwamba kijiji chetu kimepona, mafundi wa daraja watakuja majira ya kuchipua. Hajui nilichomjibu Bwana Noh, nami nakunywa supu yake.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Ukipiga simu na mama mkwe akapokea, mwulize habari za afya yake tu. Ninakata hapa, dada, kwa maana uchungu wa kuzaa umeanza, na yeye ndiye aliyenishika mkono.

Mdogo wako akupendaye,
Sohyang