Kibati cha Baba Kwenye Mpira wa Rejeta

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu tele, nikitumaini zinakukuta mzima, wewe na shemeji. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila mdomo hauna kasoro, na baba bado anagombana na kila spana isiyokaa mahali pake.

Kaka, nina habari ya gereji, usiikunje barua kwanza. Juzi lori la mikate lililetwa likifuka mvuke kama sufuria ya maharage. Dereva wake, yule tunayemwita Kelele, akasema likianza tu kupanda mlima, mshale wa joto nao unapanda. Nikafungua mpira wa rejeta nikijua nitakuta kile kibati cha baba chenye tundu dogo cha kupunguza kasi ya maji, kile mlichogombania hadi ukabeba begi ukahama. Yeye akishikilia kwamba maji yapite polepole yapate muda wa kupoa. Wewe ukisema maji yanazunguka, yakichelewa kwenye rejeta yanachelewa na kwenye injini, yanachemkia humo. Akakuuliza tangu lini mtoto akamfundisha baba yake kutembea.

Kibati hakikuwemo. Ubovu ulikuwa kwenye pampu: mapanga yake yameliwa na kutu, maji yanajikokota. Nikafunga nyingine, tukapanda mlima, mshale ukatulia. Basi nikavimba kichwa, nikataka kufunga kubwa zaidi. Baba akanizuia. Akasema maji yakishakwenda kasi ya kutosha, kuyakimbiza zaidi hakuleti faida ya maana. Hapo kazi inabaki kwa feni na upepo. Nikamuuliza hayo kayatoa wapi, na kibati kiko wapi.

Alifuta mikono muda mrefu. Akasema wiki ile ile uliyoondoka alikitoa kwenye gari lake, akalijaribu mlimani, akaona ulisema kweli. Tangu hapo amekuwa akiyaita magari yote aliyoyawekea vibati, anavitoa bure, akisingizia anakagua mipira. Miaka yote hii tunadhani ana hasira na wewe, kumbe anaona haya. Nilimkasirikia, kisha nikamhurumia mpaka machozi yakanitoka.

Hakuniagiza nikuandikie. Aliniuliza tu, uso kaugeuzia ukutani, kama anwani yako bado ni ile ile.

Njoo, kaka. Neno la samahani linamshinda, basi lipokee kwangu.

Mama anakusalimu sana, na shemeji mpe mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiti