Sindano ya Kitanda cha Dirishani

Mwenzangu, sikiliza. Nusura nife leo hapa wodini, tena kwa kupenda dirisha.

Jirani yangu, yule mgonjwa wa sukari anayekoroma, nilimbembeleza tubadilishane vitanda nipate upepo. Hatukumwambia mtu.

Nimejinyoosha tu, nesi huyo na sindano. "Bibi, jina lako nani?"

Unanijua nilivyo. Nikamwambia, "Kitendawili."

"Tega."

"Ni langu, lakini wenzangu wanalitumia kuliko mimi."

Akacheka. "Jina hilo. Haya, litaje."

"Umeshapata, mjukuu wangu. Nichome tu."

Hakunichoma. "Bila jina sichomi, bibi." Akanishika mkono, akasoma ule utepe wenye jina waliotufunga. Halikuwa lile la kwenye karatasi yake ya dawa. Akairudisha sindano kwenye trei, mwenzangu.

Ilikuwa dawa ya jirani yangu, ya kushusha sukari. Mimi sukari sina, na hata chai nilikuwa sijanywa.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema taratibu, "Ningekuchoma, wewe ungelala kaburini, mimi ningelala jela."

Nikamtajia jina langu papo hapo, hadi la babu.

Sasa nimerudishwa kitandani kwangu, nimetulia. Kila anayeingia namtajia jina langu kabla hajauliza. Hata mfagiaji nimemtajia, naye ana ufagio tu.