Wimbo wa Ngolo

Dar es Salaam, 2 Juni 2000

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Na ninyi hapo Litembo, baridi inawatesa? Kahawa imeanza kuiva?

Mama, nimeingia studio! Nilivaa vile vya masikioni, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikinirudia, nikaogopa hadi prodyuza akanicheka. Nyimbo zangu tano hazikumshtua. Nikamwimbia ule wako wa kuchimba ngolo, mashimo yetu ya mteremkoni, akasema, "Rudia." Anataka kuupeleka redioni tarehe 20. Nimemwambia una mwenyewe. Naomba ruhusa yako, mama. Sidhani kama nitapata nafasi nyingine.

Mwanao, Hilaria


Litembo, 11 Juni 2000

Mwanangu Hilaria,

Marahaba. Sisi wazima, ila mgongo wa baba yako ni ule ule.

Jibu langu ni hapana. Wimbo ule niliutunga siku tatu baada ya kumzika kaka yako Antoni, jembe mkononi, maana mvua haikunisubiri nimalize kulia. Ulikuwa mdogo, ukadhani naimbia maharage. Sitaki watu waucheze baa. Tunga wako, akili unayo.

Mama yako


Dar es Salaam, 27 Juni 2000

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo wa baba una nafuu.

Barua yako nimeipata jana. Kondakta aliisahau kwenye basi. Tarehe 20 ilipofika bila jibu, nilijidanganya kwamba kimya chako ni ndiyo. Wimbo uko redioni. Sikujua ni wa Antoni. Nimekosa, mama. Ukisema neno moja nitakwenda kuomba wautoe, hata kama ndiyo mwisho wangu wa kuimba.

Mwanao, Hilaria


Litembo, 9 Julai 2000

Mwanangu,

Marahaba. Baba anatembea, anasalimu.

Alhamisi tulikuwa kwenye vichanja tukichambua kahawa. Redio ya jirani yetu Florian ikatoa sauti yako. Nilikasirika, nikamwambia azime. Kabla hajaifikia, mwenzangu wa shambani Walburga akaitikia. Unajua kwetu, aliyeanzisha wimbo mteremkoni haachwi peke yake. Wote wakaitikia, mikono ndani ya kahawa, utadhani uko shimo la juu yao. Mtangazaji akakukatiza, akaanza habari za sabuni. Hawakumjali, wakaimba hadi mwisho.

Nikaacha kuchambua, nikasikiliza. Miaka tisa nauanzisha wimbo huo, sijawahi kuusikia. Mungu wangu, Hilaria, kumbe ni mzuri hivyo? Nikaitikia na mimi. Nililia, lakini usijali.

Usiutoe. Ila umeimba nusu. Kuna mistari miwili niliyokuwa naimba wenzangu wakishaondoka shambani. Nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Jina la Antoni limo. Ukifika hapo usipunguze sauti.

Mama yako, Bonifasia