Fundo la Mwisho wa Kamba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naanza na hiyo kwa sababu ningeanza na neno jingine lolote ungenikatiza. Marahaba yako ilikuwa inatoka polepole, sindano ya kushonea nyavu ikiwa mdomoni, kisha unauliza kama nimekula. Nimekula, Mjomba. Leo nimekuja na jambo nililotakiwa kulisema miaka mingi iliyopita. Lawama ilitamkwa mbele za watu, kwa hiyo na mimi naiacha barua hii wazi, anayetaka kuisoma aisome.

Wasiokujua niwaeleze kidogo. Ulikuwa kaka wa mama yangu, mzaliwa wa Misungwi, fundi wa nyavu na muuza kamba pale Igogo, mjini Mwanza. Ulikuwa mfupi, mabega mapana, na mikono mifupi ajabu. Kwa kuwa kamba uliiuza kwa pima, yaani unatanua mikono na kuhesabu kutoka vidole vya huku hadi vidole vya kule, wavuvi walikutania kila siku. "Pima ya mzee huyu ni ya mtoto wa darasa la tatu," walisema, na wajanja walidai wapime wenyewe. Hukukasirika. Ulimpa mtu kamba apime, halafu ukachukua ncha na kuifunga fundo.

Mafundo hayo nayo yalikuwa kichekesho. Hakuna kamba iliyotoka mikononi mwako bila fundo mwishoni. Kamba ya nanga, kamba ya mbuzi, kamba ya kuanikia nguo za mkeo Mama Suzana, hata kamba za viatu vyangu vya shule. Nilipokuuliza sababu nikiwa mdogo ulinijibu, "Ili mkono ujue kamba imeisha." Niliona ni jibu la mtu ambaye hajasoma, Mungu anisamehe.

Halafu ikaja miaka ile ya kupunguza watu kazini. Mashirika yalikuwa yanauzwa, ofisi zinafungwa, na mimi mpima ramani mwenye cheti nikapewa barua pamoja na wenzangu tuliokuwa tunajiona hatuguswi. Nilirudi Mwanza na begi moja. Mjini kila mtu alikuwa amefungua kitu. Huyu kibanda, yule mitumba, mwingine amepata kibarua kwenye viwanda vipya vya minofu ya sangara. Mimi nilikaa stoo kwako, nimelala juu ya nyavu, nikiwaza cheti changu. Uliwahi kuniambia nikusaidie kuuza kamba nikasema mimi ni mtaalamu. Ulicheka mpaka sindano ikaanguka. Miezi minane nilikula kwako, na hukuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Kwa hilo peke yake nilikuwa na deni la kukushukuru maisha yangu yote, na sikukushukuru.

Kazi ilipopatikana nilikukimbilia nikipiga kelele kama mtoto. Kampuni ya wageni ilikuwa inatafuta mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, mbali huko magharibi, upande wa kwenda Kigoma, na katikati ya msitu walikuwa wamekuta pango la kwenda chini, shimo limesimama wima kama kisima. Walitaka lipimwe na kuchorwa ramani, wajue kama kilima chote kiko wazi ndani kabla hawajaleta mitambo. Nilipewa miezi mitatu ya majaribio. Nikifanya vizuri, ajira ya kudumu. Wakauliza kama namjua mtu wa kamba. Nikasema namjua.

Unakumbuka kivuko cha Busisi? Ulisimama pembeni ukiwakagulia mabaharia kamba zao, ukitikisa kichwa. Baada ya hapo barabara, vumbi, na mwisho msitu. Msitu ulikutisha kuliko shimo. Ulisema miti imesongamana mno, mtu haoni hali ya hewa inatokea wapi. Lakini tulipofika kwenye mdomo wa shimo ulivua viatu, kama ulivyofanya siku zote kabla ya kupanda mtumbwi, ukalala kifudifudi na kuinamisha uso. Hewa ya baridi ilikuwa inapanda kutoka chini. Ukasema, "Lina pumzi hili." Kisha ukaenda kuchagua mti wa kufungia kamba, ukaupiga kwa kiganja pande zote, na ulichagua ule ambao mimi nisingeuchagua.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Wewe ulipokuwa na vibarua mnakata miti ya kuzungushia mdomo wa shimo, mimi nilipima kina. Futikamba ya kampuni ilikuwa imekatika njiani. Mtu mwenye akili angesubiri nyingine. Mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana. Nilichukua uzi wa nyavu, nikafunga jiwe, nikaliteremsha mpaka likagota, nikavuta uzi nikiupima kwa mikono. Pima ishirini na nane. Nikaandika kwenye daftari kwa wino. Nikakuuliza kamba yako ya manila ina pima ngapi, ukasema thelathini, umeipima mwenyewe Igogo. "Basi zinabaki mbili," nikasema, na nikafunga daftari.

Mikono yangu, Mjomba! Mimi niliyeitwa Mlingoti tangu shule ya msingi. Nilizihesabu pima zangu ndefu na pima zako fupi kana kwamba zimetoka kiwanda kimoja. Na siwezi kusema sikujua. Utani wa pima yako niliusikia kabla sijajua kusoma.

Asubuhi yake, nikiwa nimevaa mkanda wa kushukia na kile chuma ambacho kamba inapita ndani yake, nikaona ncha ya kamba ina fundo lako, kubwa kama ngumi.

"Fungua hilo fundo, Mjomba. Litanasa kwenye mawe. Hii si kamba ya mbuzi."

Vibarua walicheka. Injinia, mkuu wa kambi, naye alitabasamu. Wewe ulisema, "Haya, nimesikia." Ukaiteremsha kamba shimoni.

Nilishuka. Ukuta ulikuwa mweupe, umelowa, una mikunjo kama kitenge kilichoanikwa bila kukamuliwa. Kadiri nilivyoshuka duara la mwanga juu lilipungua, na taa ya kofia ilionyesha ukungu tu. Nilikuwa nahesabu vitambaa ulivyofunga kila pima tano. Nilipopita cha mwisho nilifurahi, nikaongeza mwendo. Ghafla chuma kikagoma. Nikatikisa, kikagoma. Nikapapasa chini ya chuma nikakuta fundo.

Nilikutukana, Mjomba. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilipiga kelele, "Nilikwambia ufungue hili fundo!" Sauti yangu ilizunguka humo ndani ikanirudia. Nikaanza kuhangaika na vidole ili nilifungue mwenyewe, nimalizie hizo hatua mbili tatu nilizodhani zimebaki. Nikiwa katika kuhangaika huko mguu uligusa ukuta, jiwe likang'oka. Nilingoja mlio. Nikangoja tena. Lilipogonga chini nililiachia fundo, nikaikumbatia kamba. Chini ya fundo lako hapakuwa na kamba wala kitu, na chini ya hapo kulikuwa na kimo cha nyumba mbili zilizopandana.

Nikapuliza filimbi ya ishara niliyovaa shingoni. Nilipuliza vibaya, bila mpangilio tuliokubaliana, lakini wewe ulielewa. Ulipopata hofu Kiswahili chako kilirudi Misungwi, nikakusikia toka juu, "Tulia hapo hapo! Halaka ya nini? Tunakuludisha!" Kisha ukaanza ule wimbo wa kupokezana wa wavuta kokoro, wavu mkubwa wa kuburuta, pale ufukweni. Watu wa msituni ambao hawajawahi kuliona ziwa wakajifunza kuitikia papo hapo, na kila walipoitikia nilipanda kidogo. Nilipofika juu niliona umelaza koti lako la sikukuu kwenye ukingo ili kamba isikatwe na jiwe. Lilikuwa limechanika mgongoni kote. Ulinishika kichwa kwa mikono miwili, ukanitazama, ukaniuliza kama nimekula.

Injinia hakuwa na utani tena. Mtu angekufa kwenye kambi yake. Akauliza, "Nani alipima?"

Mjomba, mimi ndiye nilikuwa nimepima shimo. Daftari lilikuwa mfukoni mwangu, ishirini na nane kwa wino. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini niliwaza stoo, nyavu, cheti, miezi mitatu, na kabla sijamaliza kuwaza ukasema, "Mimi. Kamba nimeipima mimi. Mikono yangu mifupi, kila mtu Igogo anajua."

Nami nikanyamaza.

Akasema hafanyi kazi na watu wa kukisia, na gari la kesho litakurudisha. Jioni ile uliunganisha kamba ya pili, ukanifundisha kukivusha chuma kwenye kiungo, na mwishoni ukafunga fundo jipya. Mara hii sikusema kitu. Ulichoniambia ni hiki tu: "Vyote vipimwe na mkono mmoja. Wako au wangu, lakini mmoja." Asubuhi ulipanda nyuma ya gari juu ya magunia, koti lako lililochanika umelivaa vilevile. Ulinipungia mpaka miti ikakuziba.

Nilishuka siku ileile. Chini kulikuwa na mchanga safi, mbegu za matunda yaliyodondoshwa na popo, na maji yanayotona kutoka gizani. Nilikaa nikachora kila kona. Ramani ikasifiwa, nikaajiriwa. Nyumba yangu ya Kisesa imetoka kwenye shimo lile. Shule za watoto, ng'ombe wa mahari ya mama yao, vyote. Kwenye ramani kuna jina langu peke yake.

Nilijaribu kukuomba radhi mara moja tu, nilipokuja likizo na koti jipya. Ulilipokea, ukalipima mabegani, ukasema mikono yake mirefu. Nilipoanza kueleza ulinikatiza. "Ungesema wewe, wangetufukuza wote wawili. Mimi nina nyavu. Wewe ulikuwa na nini?" Ukaendelea kushona. Nilifurahi kukatizwa, na hiyo ndiyo aibu yangu ya pili. Kila nilipokuja baada ya hapo nilileta zawadi na sikuleta neno. Igogo waliendelea kusema mzee yule alikaribia kumuua mpwa wake kwa pima zake za kitoto. Uliwaacha waseme, wakati mwingine ukacheka nao.

Basi neno ni hili, na Igogo yote isikie. Mjomba wangu hakukosea. Kamba yake ilikuwa pima thelathini zake, kama alivyosema. Aliyekosea ni mimi, msomi, niliyechanganya mikono ya watu wawili kwenye hesabu moja. Alibeba kosa langu ili nipate mkate, na alikuwa ameshaniokoa kabla sijajua kwamba nimekosea, kwa kukataa kunitii.

Mwezi uliopita tulikuzika Misungwi. Vijana wa mtaa wakaleta kamba mbili za kuteremshia jeneza, manila mpya, ncha zake zimekatwa kwa kisu tu. Nilisema wasubiri. Watu walikuwa wamesimama juani, mchungaji ameshafunga kitabu, na mimi nimechuchumaa pembeni ya kaburi nafunga fundo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kijana mmoja akaniambia kwa upole, "Mzee, kaburi ni fupi, kamba zinatosha." Nikamwambia najua zinatosha. Mama Suzana alikuwa ameketi mkekani. Alipoyaona yale mafundo alicheka, Mjomba, akacheka kwa sauti huku machozi yanamtoka, na waliokujua wakacheka naye.

Tulikushusha polepole. Nilishika ncha moja mwenyewe. Kamba ilipita kiganjani mpaka fundo likagusa vidole, nikajua imeisha.

Nikushukuru kwa Kisukuma chako: wabeja, Mjomba. Wabeja sana.

Ni mimi mpwa wako,
Mlingoti, mwenye pima ndefu.