Bilauri ya Bwana Kesho

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
S.L.P. 614.

Jumanne, siku ya nne baada ya sikukuu

Mpendwa mdogo wangu Bwana Kesho,

Kwanza pokea salamu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U mzima? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu ya mwisho kimekuacha? Unakula chakula cha moto, au bado ni chai na mkate mkavu kama mlinzi wa zamu? Sisi huku tunaamka, tunafanya kazi, tunalala, tunashukuru. Mimi nasumbuliwa na mgongo tu, lakini mgongo wa mshona nguo ukiacha kuuma ujue mwenyewe hayupo. Habari za Mama nitazifikia, usiruke mistari.

Kwa Seremala hakujambo. Kaka yako amepata kazi ya milango kumi na minne ya zahanati mpya, na tangu aipate anatembea kifua mbele utadhani zahanati ni yake. Mkewe ni mzima. Binti yao ameota meno mawili ya mbele na kila anachokishika anakiuma. Shangazi yupo, na mdomo wake upo.

Sasa nikulaumu kidogo, ndipo moyo utulie. Siku ya sikukuu hukupiga simu. Najua utasema zamu, utasema mtandao, utasema ulipanga kupiga kesho yake. Ndiyo maana tulikupa jina hilo tangu enzi za kuambiwa uoshe vyombo. Lakini Mama alishinda na simu kwenye mfuko wa aproni, na hata ilipolia ya Shangazi alijipapasa mfukoni. Iliniuma, sikufichi.

Ghorofa ilikuwepo mezani kama kila mwaka, keki, matunda na kastadi, tabaka juu ya tabaka. Huko uliko huenda ina jina la heshima zaidi, ila humu ndani itabaki ghorofa, maana ni wewe uliyelia mezani ukitaka upewe chumba cha juu. Na wapangaji ni walewale. Chini kabisa keki iliyoloweshwa maji ya machungwa, ndiye Mama, anayetubeba sote. Embe ni mimi, kwa utamu wangu, usicheke. Ndizi ni Seremala, maana ukimwacha peke yake dakika kumi amenuna, amekuwa mweusi. Nanasi ni wewe, mkali mpaka upikwe. Na kastadi kati ya chumba na chumba ni marehemu Baba, aliyetushikanisha bila kupiga kelele.

Ila mwaka huu Mama alinipa mwiko. Tafadhali isome tena sentensi hiyo. Mwanamke ambaye hajawahi kuniruhusu nisogelee sufuria yake ya kastadi, eti jicho la mtu mwingine linaifanya iwe na madonge, alivuta kigoda, akaketi, akaninyooshea mwiko. "Koroga wewe," akasema. "Mimi nitakuelekeza."

Akanielekeza kweli. Unga wa kastadi uvurugwe kwanza kwa maziwa baridi, ndipo umiminwe kwenye maziwa ya moto. Usiache kukoroga hata mlango ukigongwa. Nanasi lichemshwe na sukari mpaka lilainike, kwani nanasi bichi huikata kastadi, na kufikia asubuhi unakuta maji machungu. Kila nilipojibu "ndiyo Mama" alisema, "Usiseme ndiyo, andika." Nikamtania kwamba niandike ya nini, si atanikumbusha mwaka ujao? Akaitazama sufuria tu. Nikaenda kutafuta kalamu.

Hapo nilianza kuogopa, au tuseme nilianza kukiri kwamba naogopa. Maana mwaka huu nimelipunguza gauni lake la buluu mara mbili. Mara ya kwanza inchi moja na nusu kiunoni, nikasema kitambaa kimelegea. Mara ya pili inchi mbili, nikasema sijui nini, nikaimba wimbo huku nashona. Mimi, ambaye naweza kumpima mtu akipita tu barabarani! Na kuna muuguzi amehamia nyumba ya pili, sasa anaingia kwa mlango wa nyuma mara mbili kwa wiki, nami nikiingia wanaanza kuzungumzia bei ya nyanya. Wahenga walisema mficha maradhi... malizia mwenyewe, kalamu yangu imegoma.

Bilauri yako hata hivyo hakuniachia. Unajua desturi: ghorofa kubwa ni ya waliopo, na asiyekuwepo huwekewa ghorofa ndogo kwenye bilauri, inamngoja kwenye friji mpaka apige simu, ndipo mtu mwingine aruhusiwe kumlia. Miaka sita sasa tangu uondoke, Seremala amekuwa akinenepa kwa jasho lako. Safari hii Mama aliniambia niende uani nikaanue nguo. Nikamwambia ndiyo kwanza nimezianika, bado zinachuruzika. Akasema, "Kaanue." Nikaenda nikasimama katikati ya shuka mbichi kama mjinga, mpaka akaniita. Bilauri ilikwisha jaa, imefunikwa kisahani, na kidole chake cha mkono wa kushoto amekifunga kitambaa. Akasema kisu kimemkata akimenya nanasi.

Nanasi nilimenya mimi. Sijui kwa nini hilo halikunijia wakati ule.

Sikukuu yenyewe tulikula, tukacheka. Shangazi alisema kastadi ya mwaka huu ina mkono wa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amesema kweli. Mama alikula vijiko viwili, kilichobaki akamwekea mjukuu. Ulipofika wakati wa kukutaja, maana tunakutaja kila mwaka, alisema tu kwamba bilauri isiguswe na mtu, ni ya mwenyewe.

Jumamosi haikuguswa. Jumapili Seremala alifungua friji akaitazama kwa macho ya fisi, Mama akamtoa mbio. Jana vilevile. Leo ni siku ya nne, na kastadi haivuki siku ya tatu, hilo hata mtoto wa nyumba hii analijua. Basi asubuhi Mama alipokuwa anaoga niliitoa ili niimwage. Niliinua bilauri juu, kwenye mwanga wa dirisha, kuona kama imeanza kutoa maji. Nikaona kiduara cha njano kwenye kitako, chini ya keki. Nikadhani ni kipande chako cha nanasi kimeteleza.

Ilikuwa pete ya Mama.

Unaikumbuka siku ya mazishi ya Baba? Hapana, samahani, hukuwepo. Basi nikusimulie. Siku ile wazee walitaka aivue, ikakataa. Tulitia sabuni, tukatia mafuta, tukafunga uzi, Shangazi akavuta mpaka kidole kikawa buluu. Mama akasema, "Iacheni. Itatoka siku yake." Miaka minne nimeiona pete ile imezama kwenye nyama ya kidole kama uzi kwenye mshono.

Nilisimama pale jikoni nikijidanganya kwamba imemteleza wakati anapakua, kwa kuwa amepungua, nayo imelegea. Hilo peke yake lingetosha kunikosesha raha. Lakini mdogo wangu, ghorofa haidanganyi. Kitu kikimteleza mtu anapomwaga kastadi, kitakutwa ndani ya kastadi. Kilicho chini ya keki kimetangulia keki. Pete iliwekwa kwanza, kwenye bilauri tupu, kwa mkono wake, ndipo akaifunika kwa wapangaji wote.

Halafu nikakumbuka jambo jingine. Huyu Mama aliyewahi kuipindua nyumba juu chini kwa ajili ya kijiko cha chai, kwa siku zote hizi hajauliza pete iko wapi.

Nikaiosha, nikaikausha, nikaiweka kwenye kopo langu la vifungo. Bilauri nikaifudikiza kwenye kichanja cha vyombo. Mama alipotoka kuoga nikamshika mkono wa kushoto. Kitambaa kilikuwa kimetoka, na kidole hakina hata mchubuko.

"Mama, pete iko wapi?"

Akaitazama ile bilauri iliyofudikizwa. "Ipo kwa mwenyewe," akasema.

Nikalia. Nilimwambia aache mafumbo, aniambie muuguzi anasema nini, tutafute daktari mwingine, tuuze hata cherehani. Akanipangusa uso kwa ncha ya kanga yake. Akasema kwa daktari wamekwishakwenda, yeye na muuguzi, mara tatu, na mimi nilikuwa kwenye kazi yangu najua amekwenda sokoni. Kisha akaniambia jambo ambalo nakuandikia neno kwa neno, kwa sababu ni lako.

"Hakuja kumzika baba yake, nami nikanyamaza. Anadhani kimya changu kilikuwa hasira. Nilikuwa namngoja, basi."

Miaka minne, Bwana Kesho! Wewe huko unaona haya kurudi, yeye huku anangoja, na mimi katikati nashona sare za shule nikidhani mambo yatajinyoosha yenyewe. Nimekukasirikia na nimejikasirikia. Hukuja kwa Baba, na ninajua nauli haikuwa sababu pekee, uliogopa kuona. Nakuelewa. Mimi pia naogopa kuona, na naishi naye nyumba moja.

Ameniapisha nisikuandikie lile neno ambalo umekwisha kulielewa. Nimeapa, na kiapo nakiheshimu. Pekua barua hii toka juu hadi chini, hutakuta nimeliandika. Nimekuandikia habari za ghorofa.

Pete sitaitia kwenye bahasha hii, wala sitampa dereva yeyote wa lori. Iko kwenye kopo la vifungo, na mara tu utakapoingia kwa mlango wa mbele nitamrudishia Mama aishike, ili akukabidhi kwa mkono wake. Omba ruhusa kazini. Wakikunyima, ondoka hivyo hivyo. Kazi zipo, hata Seremala ana milango kumi na minne na mikono miwili.

Seremala anakusalimu, bado hajui, leo jioni nitamweleza. Mkewe anakusalimu, na binti yao angekuuma kama angekufikia. Shangazi anakusalimu na anauliza kama umeoa. Hatujamwambia lolote, unajua hana kifua. Muuguzi, ambaye hamjuani, anakusalimu pia, na aliposikia naandika barua aliuliza ni siku ngapi mpaka ikufikie. Mama hakutumii salamu. Anasema zake amekwisha kukuwekea.

Mungu akufunike huko uliko, akulainishie njia, akufikishe salama kabla ya yote.

Mimi dada yako nikupendaye, hata nikikugombeza,

Dada Sindano

Nyongeza, Jumatano asubuhi.

Nimeifungua tena bahasha, samahani kwa gundi. Nimeamka nikakuta harufu ya kastadi. Sikukuu imepita, hakuna mgeni anayekuja, na Mama yupo jikoni kwenye kigoda chake, amekwisha osha sufuria. Kwenye friji kuna bilauri mbili zimefunikwa visahani. Moja ina embe juu, ya pili ina ndizi.

Nimemwamkia, akageuka kuniitikia. Zile hereni alizopewa na Baba nilipozaliwa hazimo masikioni mwake. Hereni ni mbili, na bilauri ni mbili.

Sijathubutu kuinua yangu nikaangalia kitako. Nimeufunga mlango wa friji taratibu, na sasa natoka mbio kuiwahi posta. Kastadi ni siku tatu, Bwana Kesho. Usije kesho.